Mwoka Mikate Aliyelala Mchana

Mtaani walimwita Popo, naye hakuchukia. Mtu anayeoka mikate usiku kucha na kuuchapa usingizi mchana kutwa ataitwa nini tena? Wenzake walipokuwa wakipiga mswaki yeye alikuwa anarudi nyumbani, unga umemganda kwenye nyusi na masikioni, shati linanuka hamira ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuishinda. Alikuwa mtu mnene kiasi, mpole, mwenye mikono ya kubebea magunia na sauti ndogo isiyolingana na kifua chake. Mtaa mzima ulikula mkate wake asubuhi, na nusu ya mtaa huo hawakuwahi kumwona usoni.

Lakini habari za Popo huwezi kuzisimulia ukamwacha mkewe, maana usingizi ule wa mchana ulikuwa na mlinzi.

Walikaa nyumba ya vyumba viwili na jiko, dirisha la chumba cha kulala likitazama barabara ya malori. Mke alikuwa mshonaji, tena mshonaji wa kusifiwa, ila cherehani yake aliiuza mwaka wa kwanza wa ndoa kwa sababu ya kelele. Akabaki na kazi za mkono: vifungo na vitundu vyake, pindo za sare za shule. Shoga yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya sare ndiye aliyemletea marobota ya nguo na kuyachukua yakiisha. Bawaba za milango alizitia mafuta. Sufuria alizipanga kabatini kila moja ikiwa imetandikiwa kitambaa, zisigongane. Bomba la jikoni lilikuwa bovu, linadondosha matone mchana kutwa, naye akalifunga uzi ili maji yateremke kwenye uzi kimyakimya mpaka kwenye ndoo. Binti yao wa pekee alijifunza kucheka kwa mabega. Hadi leo, yeye mwenyewe mtu mzima na ana mume, akichekeshwa hutikisika bila sauti, na mumewe humkimbilia na maji akidhani amepaliwa.

Mama huyo alikuwa akikaa kizingitini na nguo zake za kushona, akiwasubiri wapita njia wenye makelele. Mnoa visu aliukamata ulimi wa kengele yake kabla hajafika mlango ule. Muuza samaki alinyamaza nyumba tatu kabla na kuanza upya nyumba tatu mbele. Watoto wa jirani walijua mpira unachezewa wapi. Kila mtu alijua, isipokuwa mwenye usingizi. Popo aliwahi kuwaambia wenzake bekari kwamba yeye ana bahati, amepata mtaa mtulivu.

Basi maisha yakaenda hivyo, miaka ikapita. Jioni walikutana mezani kwa muda mfupi, mlo ule kwake ukiwa kifungua kinywa na kwa mkewe chakula cha jioni, kisha Popo akavaa viatu. Asubuhi walikutana tena mlangoni, mmoja akianza siku na mwingine akiimaliza. Hawakuwahi kugombana vya maana. Walipata wapi nafasi?

Binti alipokwisha kuolewa, mama akaanza kuhema. Kutoka jikoni hadi mlangoni alilazimika kusimama njiani na kushika ukuta, kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata. Daktari akamwambia moyo umechoka na umepanuka, asipande ngazi, asibebe ndoo, dawa azimeze bila kukosa, na juu ya mambo mengine tuombe uzima. Alirudi nyumbani akamweleza mumewe jioni ile ile, kwa sauti ya kawaida, huku akimkatia mkate. Popo alishika tama. Hakuweza kula.

"Kula," mkewe akamwambia. "Nina ombi, na sitaki kuliomba ukiwa na njaa."

"Ombi gani?"

"Nataka twende kule kwa shoga yangu. Siku tatu tu."

Shoga yule wa marobota alikuwa amestaafu na kurudi kijijini kwao, mlimani, ambako alijenga chumba cha wageni kando ya nyumba yake. Kila akipiga simu alikuwa akisifia: ukungu unaingia uani asubuhi kama mgeni, ukifungua dirisha unaona bonde lote, na kimya chake si cha kulazimishwa.

"Kule mlimani?" Popo akauliza. "Na moyo huo?"

"Daktari kasema nisipande ngazi. Hakusema nisipande basi."

"Na tukifika tukafanye nini?"

Mkewe akafagia makombo kwa kiganja. "Tukae. Wewe uwe macho, na mimi niwe macho, na jua liwepo. Sisi hatujawahi, baba. Mtu akiniuliza leo mume wangu yukoje, nitamweleza mgongo."

Alisema kwa mzaha, lakini Popo aliyaona macho yake, na hakucheka. Akamwahidi. Na tuseme ukweli, alipoahidi alikuwa anamaanisha.

Tangu siku hiyo safari ikawa inasafiriwa mezani. Mama alipata habari zote kwa simu za shoga yake na kwa kuwauliza watu wanaotoka huko, akazipanga kwa vyombo. Kikombe cha chai kilikuwa stesheni ya hapa nyumbani. Vijiko vilikuwa reli. Kopo la sukari lilikuwa stesheni ya njia panda, ambapo unashuka kwenye treni na kukuta basi kubwa nje linakusubiri. Basi hilo linakupeleka mji wa soko, ambao ulikuwa sahani ya mkate. Toka hapo kuna basi dogo, kizibo cha chupa, linalopanda mlimani siku za soko tu, wachuuzi wakishamaliza kuuza na kurudi na matenga matupu. Mlima wenyewe ulikuwa bakuli lililofunikwa kifudifudi.

"Treni inasubiriwa na basi kubwa, basi kubwa linasubiriwa na basi dogo," mama alieleza, akisukuma kizibo. "Ukikosa moja umekosa yote. Kwa hiyo ukishuka hapa, hakuna kwenda kununua soda. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unakula mji wa soko."

Na kweli Popo alikuwa ameshamega nusu ya mji. Walicheka, yeye kwa sauti, mkewe kwa mabega.

Kila jioni waliipanga upya, kana kwamba huenda reli imehama. Watavaa nini. Dirisha la upande upi halipigwi na jua. Wakae siti ya mbele kwenye basi dogo, maana nyuma kunarusha. Shoga aliambiwa aandae chumba, akakiandaa. Kisha shule zikafunguliwa na oda za mikate zikaongezeka, na safari ikasogezwa. Kisha tanuri likapasuka, mafundi wakaja, Popo akasema hawezi kuondoka tanuri likiwa halijazoeleka. Kisha msaidizi wake akaungua mkono. Kila mara mama alikusanya vyombo vyake mezani akaviosha, akasema basi, mwezi ujao. Hapa ndipo mtu unatamani kumshika Popo mabega na kumtikisa. Lakini ukimtikisa utamwambia nini ambacho hakijui? Alijua mkewe anaumwa. Alichokuwa hajui ni namna ya kuacha kazi aliyoifanya maisha yake yote, hata kwa siku tatu. Aliogopa asipokuwepo mikate itaumuka bila yeye.

Mwishowe bosi alimruhusu, mbadala akapatikana, na siku ya soko ikapangwa. Popo akafanya kosa moja. Usiku wa kuamkia safari alikwenda kazini. Alisema atamwonyesha tu mbadala lile tanuri jipya, sehemu ya nyuma inayounguza na ya mbele inayochelewesha, halafu atarudi alale. Mbadala hakuwa na mkono wa kazi hiyo. Popo alikanda, akakata, akaingiza trei na kutoa trei mpaka kukapambazuka, akaenda moja kwa moja stesheni, ambako mkewe alikuwa ameshafika, amevaa gauni la bluu, begi mapajani.

"Hukulala," mkewe akasema.

"Nitalala mlimani."

"Mlimani huendi kulala, baba."

"Ulimi umeteleza. Sitalala."

Treni ilikuwa na joto. Walipata dirisha, upande usio na jua, kama ilivyopangwa. Popo alijitahidi, tusimnyime haki yake. Alisimama, akakaa, akanawa uso, akasimulia kisa cha msaidizi aliyetia chumvi mara mbili kwenye kinyunya. Mkewe alimsikiliza akimtazama usoni muda wote, kama mtu anayekagua nguo aliyoingojea. Alimpangusa unga sikioni. Nje mashamba yalipita, kisha vilima, na mbali kidogo kikaanza kuonekana kitu cha buluu ambacho mtu anaweza kudhani ni wingu.

"Ule," mkewe akasema. "Unauona?"

"Nauona," Popo akasema. Ndilo neno lake la mwisho.

Alipofumbua macho treni ilikuwa imesimama na behewa lilikuwa tupu. Nje kulikuwa na ghala za saruji na uwanda mkavu, wala hapakuwa na mlima upande wowote. Njia iliyokuwa imepinda ilikuwa imelileta jua dirishani, lakini halikuwa limemfikia usoni. Pazia la dirisha lilikuwa limekatika kikulabu, na mkewe alikuwa amelishikilia kwa mkono.

"Tumefika?"

"Tumepita."

"Tumepita wapi?"

"Njia panda. Zamani. Hapa ni mwisho wa reli."

Popo aliinuka akakaa tena. "Ulipitiwa na wewe?"

"Nilikuwa macho."

"Sasa kwa nini hukuniamsha?"

Mama alilishusha pazia polepole, akausugua mkono wake. "Nilitaka. Treni ilipopunguza mwendo nikainua mkono. Nikauweka karibu na bega lako. Watu wakashuka. Nikaliona basi lenyewe pale nje, baba, la kijani, kama alivyosema shoga. Mkono ukakataa." Machozi yakamlengalenga. "Sijui kukuamsha. Sijawahi. Nilisema nihesabu kidogo halafu nitakuamsha, treni ikaondoka."

Popo alipandwa na hasira, akafungua mdomo, kisha akaona ule mkono. Wakakaa katika behewa tupu mpaka mkagua tiketi alipokuja kuwauliza wanangoja nini. Basi dogo lilikuwa limepanda, siku nyingine ya soko ilikuwa mbali, na ruhusa ya Popo isingeifikia. Walirudi kwa treni ile ile. Safari hii Popo hakusinzia hata kidogo, ila nje kulikuwa kumekwisha kuwa giza na mlima haukuonekana.

Njiani, bila kuangaliana, waliulizana mambo. Ndipo Popo aliposikia habari za uzi wa bombani, mnoa visu, na vitambaa vya sufuria. Aliuliza kuhusu cherehani, akajibiwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na siku hiyo ndiyo aliyojua kwamba mtaa wao haukuwa mtulivu.

"Safari nyingine utaniamsha," akasema. "Niahidi."

"Nitakuamsha."

"Kula kiapo."

"Naapa."

Hakuridhika. Jumapili iliyofuata, siku ambayo bekari inapumzika, alijilaza kitandani akafumba macho na kumtaka mkewe afanye mazoezi. Mkewe alisimama pale muda mrefu, halafu akamgusa begani kwa vidole viwili. "Baba, amka."

"Ndiyo kuamsha mtu huko? Hata nzi anatua kwa nguvu zaidi."

"Baba, amka."

"Nitikise. Nipige kibao. Mimi ni gunia la unga, hutaniumiza."

Akajaribu tena na tena, na kila mara vidole vilikuwa viwili tu, na sauti ile ile ya kuombea radhi. Mwishowe akakaa kitandani kando yake akacheka, na Popo kwa mara ya kwanza akasikia mkewe akicheka kwa sauti katika chumba kile. Kilikuwa kicheko kizito, cha kukwaruza kidogo. Akakipenda. Akajiuliza kilikuwa wapi.

Vyombo vikarudi mezani. Popo sasa ndiye aliyekuwa akisukuma kizibo. Aliomba ruhusa mapema, akamfundisha mbadala kwa wiki nzima, akaapa kwamba usiku wa kuamkia safari atalala kitandani kama watu wengine. Mkewe alilifua na kulipiga pasi lile gauni la bluu, akalitundika nyuma ya mlango. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, lakini alisema ni joto.

Alifariki siku chache kabla ya safari, mchana, katika kiti cha jikoni. Popo alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta. Aliamka jioni kwa mazoea, akaenda bafuni, akavaa suruali, akapita akitafuta chai. Nyumba ilikuwa kimya, lakini nyumba ile ilikuwa kimya siku zote. Alimkuta ameegemea meza, shati la sare mapajani, sindano bado imeshikiliwa na uzi kwenye kifungo.

Watu walijaa. Mnoa visu alikuja, muuza samaki alikuja, na wote waliongea kwa kunong'ona mlangoni, hata sasa ambapo hapakuwa na wa kuamshwa. Binti alilia kwa mabega. Akamshika baba yake mikono akamwambia, "Usijilaumu. Unamjua mama. Asingekuamsha hata nyumba ingekuwa inaungua." Jirani akasema vivyo hivyo. Hata daktari, aliposimuliwa, akasema pengine lilimjia ghafla, hakupata nafasi ya kuita. Popo aliitikia kwa kichwa. Kila aliyemfariji alimfariji kwa maneno yale yale, naye kila mara aliitikia kwa kichwa, na watu wakasema amejikaza.

Msiba ulipokwisha, akaacha kulala. Bekari alikwenda, akaoka, akarudi, akajilaza na kuitazama dari. Malori yalipita. Bomba lilikuwa limekatika uzi wake, likadondosha matone kwenye ndoo, naye hakulifunga. Mtaani jina la Popo likapotea lenyewe, maana mchana sasa alionekana amekaa kizingitini, mikono mapajani.

Ndipo akaenda. Hakumuaga mtu ila binti yake. Alipanda treni ya asubuhi, akakaa upande usio na jua, na akashuka njia panda akiwa wa kwanza mlangoni. Basi la kijani lilikuwepo. Hakununua soda. Mji wa soko ulikuwa mkubwa kuliko sahani. Katika basi dogo alipewa siti ya mbele, na mwanamke mwenye tenga tupu alitaka kukaa kando yake, naye kabla hajafikiri akasema, "Pana mtu." Kisha akajirekebisha, akamsogezea.

Shoga wa marehemu alimpokea barazani, wakashikana mikono muda mrefu. Alimwonyesha chumba. Palikuwa na vitanda viwili vimesogezwa pamoja, mito miwili, na dirisha la bonde. Alikuwa amekiandaa mara ya kwanza na hakuwahi kukivuruga. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, Popo alisinzia.

Asubuhi sufuria ilianguka jikoni. Shoga alikuwa mtu wa kelele, milango aliifunga kwa teke, aliimba akichochea moto. Aliposikia kitanda kinalia alikuja mpaka mlangoni, amejishika mdomo.

"Jamani, shemeji, nimekuamsha. Nisamehe. Yule mwenzangu angeniua." Akatabasamu kwa huzuni. "Miaka yote ile nikileta nguo nilikuwa navua viatu nje. Hakutaka hata ugonge. Ndiyo maana niliposikia alivyokufa sikushangaa. Nilisema, huyo kafa kimya ili mumewe asiamke."

Popo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye sakafu ya baridi. Dirisha lilikuwa wazi, na ukungu ulikuwa unaingia uani kama alivyoambiwa. Aliutazama ukipita chini ya kamba ya nguo.

"Aliniamsha," akasema.

Shoga hakuelewa. "Nini, shemeji?"

"Aliapa kuniamsha, na siku ile aliniamsha. Vidole viwili, hapa." Akajishika bega. "Akasema, baba, amka. Nilimsikia. Nilimsikia vizuri tu." Sauti yake ndogo ilizidi kuwa ndogo. "Nikamwambia, bado kidogo. Akasema haya. Nikasikia anaondoka kwa kunyata."